Wajukuu waleteni Juni, msingoje Desemba

Babu wa Kihambani

Habari za asubuhi wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 72, naishi Marangu na mke wangu. Watoto wetu watano wote wako mijini: watatu Dar, mmoja Dodoma, mmoja Mwanza. Wajukuu ni kumi na mmoja. Wanne kati yao tunao hapa tangu Jumamosi. Walishuka Himo jioni wamechoka, wamevimba miguu kwa kukaa kwenye basi kutwa nzima, tukapanda nao gari la Noah mpaka Marangu Mtoni. Mkubwa ana miaka 13, mdogo ana 6. Naandika wakiwa bado wamelala, maana wakiamka simu hii sitaishika tena mpaka usiku.

Sisi watu wa Kilimanjaro tumezoea kurudi nyumbani Desemba. Ni desturi nzuri, wala siombi ife. Lakini mtoto anayekuja Desemba peke yake haijui nyumba ya bibi yake. Anakuta watu arobaini, magari yamejaa uani, mbuzi wanachinjwa, bibi yuko jikoni tangu alfajiri na hana hata dakika ya kumpakata. Leo ubatizo, kesho harusi, keshokutwa kikao cha ukoo, kisha mikungu inapakiwa kwenye buti wanateremka. Mwaka juzi, siku ya kuondoka, mjukuu wangu wa kiume, wakati huo ana miaka 7, alinishika mkono akaniuliza: "Babu, sisi tukiondoka nyie huwa mnafanya nini?"

Swali lile lilinikaa moyoni miezi. Mtoto alidhani tukibaki wawili tunafunga mlango na kungoja Desemba nyingine. Nikamwambia mama yake, huyu niletee Juni shule zikifungwa. Akaja mwaka jana na wenzake wawili, mwaka huu wamekuja wanne.

Juni hakuna sherehe huku. Masika imeisha, ukungu unashuka mpaka mlangoni, asubuhi wote wana masweta na bibi ana khanga mbili juu ya sweta. Kibo, kilele cha mlima wetu, ukitaka kuiona uamke mapema, saa nne mawingu yamekwisha kuifunika. Kazi ndizo zinazoendesha siku. Saa kumi na mbili bibi anakamua. Ndama anaachiwa anyonye kidogo kwanza, ng'ombe ateremshe maziwa, kisha anavutwa kando na kufungwa mbele ya mama yake. Kumshika ndama ni kazi ya mjukuu wa kike wa miaka 10, hakuna mwingine anayeruhusiwa. Maziwa ya kikundi yanapelekwa na mkubwa kwenye kidumu, anasubiri yapimwe, anarudi na daftari limeandikwa lita. Anaporudi uji uko tayari.

Baada ya uji wanafanya kazi za shule walizopewa, saa moja tu. Nasema hivyo nikiwa nimefundisha miaka 34. Mtoto aliyesoma tangu Januari hahitaji kukaririshwa Juni nzima. Wa darasa la saba najua wana mtihani Septemba na wengi wanabaki shuleni, hao siwagusi. Lakini wa darasa la pili anayekuja na begi la vitabu vizito kuliko nguo zake, wazazi hapo naomba mtafakari tena.

Kisha majani ya ng'ombe. Wanakata matembo, yale majani marefu, pembezoni mwa shamba, na mgomba ambao mkungu wake umeshavunwa tunaukatakata vipande, ng'ombe wanaupenda kwa maji yake. Samadi inarudi kwenye migomba. Yule wa miaka 6 aliuzunguka mzunguko huo kwa siku mbili akiwa na kikapu chake kidogo, halafu akasema mezani kwamba ndizi tunazokula zimetoka kwa ng'ombe. Sikumsahihisha, kwa sababu amepatia.

Jana ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Mfongo huu ulichimbwa na waliotuzaa na waliowazaa wao, unaanzia mtoni kule juu na kushuka ukingoni mwa mlima hadi kwetu. Sisi na majirani tunagawana siku, na anayefungulia maji nje ya zamu yake anaitwa kikaoni. Nilimpa kazi ya kuyageuza maji yule yule aliyeniuliza swali. Sasa ana miaka 9. Akapiga magoti kwenye tope, akakunja gamba la mgomba akaliweka kuziba njia ya chini, akalikandika kwa udongo kwa viganja vyote viwili. Maji yakasimama, yakapanda taratibu, yakapita ukingo, yakaingia shambani ulimi mwembamba unaosukuma majani makavu mbele yake. Hakusimama kushangilia. Aliyafuata mguu kwa mguu, panapotaka kukwama anafukua kwa vidole, mpaka mgomba wa mwisho kule chini kwenye masale, mimea yetu ya mpakani. Aliporudi miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, akasema, "Babu, yamefika kwenye mpaka."

Hapo ndipo nilipo, wakuu. Mtoto huyu sasa anajua mpaka wa kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, uko wapi, na amejua kwa kutembea na maji. Wako vijana wakubwa huku walioujua mpaka siku ya msiba, wamesimama kaburini, ndugu wameshaanza kunyoosheana vidole. Baba yangu amezikwa hapa hapa kati ya migomba. Alikuwa akipeleka kahawa yake KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye miti ambayo mingine bado ninaipunguzia matawi. Nikimweleza mtoto hayo Desemba katikati ya muziki, hayasikii. Nikimweleza tunaponyoa magugu kaburini, wawili tu, anauliza maswali.

Nawaomba wenye wazazi vijijini, popote Tanzania, waleteni watoto wakati ambao hakuna shughuli. Na wenye uzoefu naomba mniongezee, hasa pale mlipopata shida.

Mama Wawili wa Mbagala

Shikamoo babu. Nimesoma nikalia, sikufichi. Mama yangu yuko Mwika, watoto wangu wana miaka 8 na 5, na Juni sijawahi kuwapeleka hata mara moja.

Lakini naomba nikueleze upande wetu pia. Kwanza nauli ya watu watatu kwenda, mimi kurudi, kisha kuwafuata tena. Kazini kwetu likizo ya Juni hawatoi. Pili, mama ana miaka 70, magoti yanamsumbua. Nikimwachia watoto wawili mwezi mzima namsaidia au namtwisha mzigo? Tatu, na hili ndilo linalonizuia kuliko yote, tunasikia habari za watoto wanaofanyiwa ukatili na watu wa karibu, ndugu, wafanyakazi wa shamba. Mimi sina raha mtoto akiwa mbali na macho yangu. Naomba unijibu hilo babu, usinipite.

Kijana wa Same

Mkuu umenirudisha mbali. Mimi nililelewa Juni zote kwa bibi Upare juu, kazi yetu ilikuwa ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya shamba. Jioni tunaziba, maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kama huko kwenu. Kosa la kuchelewa kuziba lilikuwa la familia nzima, kwa hiyo hata mtoto wa miaka 8 alijisikia mtu.

Nyongeza yangu ni moja: mtoto apewe kitu chake. Bibi alinipa kuku jike mmoja nikiwa darasa la tatu. Kila likizo nikirudi naambiwa umezaa wangapi, wangapi wamechukuliwa na mwewe, wangapi wameuzwa kulipia daftari zangu. Yule kuku alinifanya nimpigie bibi simu kila wiki.

Mchambua Karafuu

Mimi natokea Pemba, shamba la babu lipo njia ya Wete. Kwetu likizo ikikutana na vuno la karafuu, wajukuu wa Unguja wote wanaletwa. Wakubwa wanapanda mikarafuu, watoto wanaokota zilizodondoka chini. Usiku tunakaa ukumbini kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, vidole vinanuka mpaka unaingia nao shuleni. Hadithi zote za ukoo nilizisikia hapo, maana mikono ikiwa na kazi mdomo wa bibi ndio unafunguka. Mchana tunazianika kwenye majamvi, na wingu likitokea kila mtu mbio, hata aliye msalani.

Ninalokubaliana nalo kwa mzee ni la kazi kuwa na mwenyewe. Ninalomuomba aongeze ni afya. Mtoto wa mjini akija shamba safari ya kwanza anaumwa tumbo, anapata homa. Watu wasifiche.

Babu wa Kihambani

Marahaba mama. Sikupiti. Nimemsomea mke wangu maneno yako, majibu haya ni ya sisi wawili.

Kuhusu usalama, una haki ya kuogopa, na babu anayekasirika akiulizwa hilo usimpe mtoto. Kwetu mabinti wanalala chumba cha bibi. Kibarua wa shamba hatumwi pamoja na mtoto popote, wala mtoto hatumwi kwake. Hakuna anayekwenda mtoni, na korongoni hawashuki bila mmoja wetu. Na kila jioni kila mtoto anaongea na mama yake kwenye simu akiwa peke yake, nje, sisi tupo ndani. Hilo la simu alilidai mkwe wangu mwaka jana. Siku ya kwanza liliniuma, nikajiuliza ananishuku? Mke wangu akaniambia kwamba mama anayeuliza ndiye anayependa. Leo nisingekubali wakae bila hilo.

Kuhusu afya, ndugu wa Pemba amenigusa kidonda. Mwaka jana mjukuu wetu mdogo, wakati huo ana miaka 5, alibanwa na pumu usiku wa saa saba. Hatukujua kuwa ana pumu. Wazazi walidhani imekwisha kwa kuwa ilikuwa haijamsumbua mwaka mzima, dawa ya kuvuta ikabaki kabatini Dar. Sisi tukamkalisha jikoni karibu na moto wa kuni apate joto la jioni, na ule moshi pamoja na baridi ndivyo vilivyomwamsha akitweta. Nilimbeba mgongoni mpaka kwa jirani mwenye pikipiki. Zahanati ya kwanza tulikuta imefungwa, tukaenda mbele zaidi, huku nikihesabu pumzi zake begani kwangu. Alipona. Lakini tangu siku ile hakuna mjukuu anayeingia kwangu bila karatasi: anaumwa nini, anatumia dawa gani, chakula gani kinamdhuru, kadi ya bima iko wapi, nani apigiwe kama simu ya mama haipatikani. Jikoni kwa kuni mdogo haingii tena, bibi anampikia kwenye gesi.

Sasa mke wangu anasema, naandika anavyotamka: "Mwambie mama wa Mbagala, mimi ningekuwa mama yake, asinihurumie kwa kuniletea wajukuu kidogo kidogo. Anihurumie kwa kuleta mchele, sukari, sabuni na mafuta, na hela ya msichana wa kunisaidia kufua. Anitajie na siku ya kuwachukua, asiwe anasema wiki ijayo, wiki ijayo. Mimi nikijua siku, nguvu nazipanga." Na kuhusu magoti ya mama yako anasema muulize yeye mwenyewe, na umuulize akiwa peke yake, sio mbele ya watoto. Akisema wiki mbili zinamtosha, ziwe wiki mbili.

Wa Same, la kuku nimelichukua. Nilikuwa sijalifikiria.

Nyumbani Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Huku watoto wangu wanaenda ushago, yaani kijijini, mwezi wa Agosti, mahindi ndiyo yanavunwa. Nyanya yao, ndiye bibi kwenu, anawakaribisha kwa mahindi ya kuchoma na hakuna anayerudi Nairobi bila kuku hai kwenye kikapu. Wangu wa kwanza alikataa kabisa tumchinje yule wake, alimfuga kwenye balkoni mpaka mwenye nyumba akalalamika.

Lakini nina swali la lugha. Nyanya anaongea Kiluhya, Kiswahili chake ni cha kusalimia tu. Watoto wangu wanaongea Kiingereza na Kiswahili. Siku tatu za kwanza wanaangaliana tu. Nyinyi mnafanyaje?

Kaskazini Sana

Naomba nijibu hapo, maana mimi nimelipitia. Naishi Sweden, shule zinafungwa katikati ya Juni, na tangu 2022 nawaleta wanangu Old Moshi kwa mama kila baada ya mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza hawakuwa na Kichagga, na Kiswahili chao kilikuwa cha kusoma. Nilikosea kwa kukaa nao. Kila bibi akisema neno mimi natafsiri, ikawa wote watatu wanazungumza na mimi, hawazungumzi wao kwa wao.

Safari ya pili niliwaacha wiki tatu nikaenda Arusha. Nilipopiga simu siku ya tano, wa miaka 8 alinijibu kwa jina la ng'ombe, akanieleza kwa Kiswahili chake kwamba amekataa kushusha maziwa kwa sababu ndama alikuwa amefungwa mbali. Sentensi nzima. Nyumbani kwetu hajawahi kuwa na sababu ya kuitunga sentensi kama hiyo. Wa Kakamega, jaribu kuondoka hapo kati.

Babu wa Kihambani

Dada wa Sweden amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema. Mimi naongeza dogo. Mke wangu anaposema nao anatumia Kichagga kwa mambo ya mkononi: lete, shika, mwaga, ngoja, inatosha. Hayo mtoto anayaelewa kwa kuona. Kiswahili anakibakiza kwa hadithi za usiku. Baada ya wiki mbili wanamjibu kwa maneno yale yale.

Leo hapa palikuwa na ugomvi. Mabinti wawili waligombania kumshika ndama, yule mkubwa akamsukuma mdogo akaangukia kwenye samadi. Bibi hakumpiga mtu. Alimtuma yule mkubwa akachume jani la sale pale mpakani, amkabidhi mwenzake kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa sale unaombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Mdogo alilipokea huku bado analia, amelala nalo chini ya mto. Nimepita sasa hivi na tochi kuwafunika blanketi nikaliona.

Na kahawa. Sehemu kubwa itawiva wao wakiwa wameshaondoka, lakini miti ya upande wa chini imeanza kutoa punje nyekundu. Nimewafundisha kuchuma moja moja, wasinyofoe na kikonyo wakaumiza tawi. Ukiibinya punje mbivu kwa vidole viwili, mbegu zinateleza nje zikiwa na utelezi mtamu, watoto wanainyonya kama pipi. Wamepata debe moja pungufu kwa siku mbili. Tumezimenya, zimelala kwenye maji, kesho tunaziosha na kuzianika kichanjani. Hazitakauka kabla hawajaondoka Jumamosi ya kwanza ya Julai. Nimewaahidi nitazikoboa na kuzikaanga mimi mwenyewe na kuwatumia, kila mtoto na mfuko wake, awapelekee wazazi.

Mama Wawili wa Mbagala

Babu, jana usiku nilimpigia mama. Nilimuuliza kama bibi alivyosema, peke yake. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema magoti yanauma zaidi akiwa amekaa. Akataja wiki mbili, akataja na mchele.

Kaka yangu anasafiri Ijumaa na gari lake kwenda Moshi, anaondoka nao. Karatasi ya afya nimeshaandika, mdogo ana mzio wa karanga, nimeweka kwa wino mwekundu juu kabisa. Simu ya jioni tumekubaliana ni saa moja. Nitawafuata mwenyewe tarehe 29, nimeomba ruhusa ya siku mbili.

Kitu kimoja nimesahau kumuuliza mama. Gambuti ninunue huku au?

Babu wa Kihambani

Usinunue, mama. Mwambie bibi yao aangalie darini. Hakuna nyumba huku isiyo na gambuti za watoto waliokua wakaenda mjini, na zako mwenyewe huenda zipo. Nunua soksi nzito, jozi tatu kila mtoto.